Bonde Lisilo na Mlango: Gesi ya Kupasua Miamba Ingeifaa Nini Sigino?

Mkazi wa Sigino, kata iliyo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Babati, akiamua kuachana na mkaa na kununua mtungi wa gesi, hachomi gesi ya Tanzania. Iliyomo ndani ya mtungi ni propani na butani iliyoletwa kwa meli kutoka nje ya nchi, ikapakuliwa pwani na kupandishwa kwa malori hadi Manyara. Gesi yetu wenyewe, ile ya Songo Songo na Mnazi Bay, karibu yote ni methani, nayo haikubali kukaa kama kimiminika katika mtungi wa jikoni. Methani hutaka bomba, au ishindiliwe kwa mgandamizo mkubwa katika matangi mazito kama yanayofungwa kwenye magari ya Dar es Salaam, au ipozwe hadi nyuzi 160 chini ya sifuri ndipo iwe kimiminika cha kupakiwa melini. Jambo hili linasahaulika kila mjadala wa gesi unapopamba moto, na usahaulifu huo ndio unaoipa nguvu hoja inayorudi kila bei ya mtungi inapopanda: kwamba tukichimba gesi zaidi, kwa njia yoyote ile, hata kwa kupasua miamba kama wanavyofanya Wamarekani, kupika kutakuwa rahisi. Makala haya yanaipima hoja hiyo kutoka Sigino, mahali ambapo hakuna hazina ya gesi iliyotangazwa, lakini ambapo maji, ardhi na jiko vinakutana kwa namna inayoonyesha vizuri zaidi kuliko Texas nini kingepatikana na nini kingepotea.

Kwanza njia yenyewe. Gesi tuliyoizoea hukaa katika miamba ya mchanga yenye vitundu vinavyopitishana. Kisima kikifika, gesi hupanda kwa nguvu zake. Lakini gesi nyingine imenaswa ndani ya tope la kale lililogandamana likawa mwamba mgumu usiopitisha kitu. Ili kuitoa, wachimbaji huchoronga kwenda chini kilometa moja, mbili au tatu, kisha hukunja kisima kikalala na kufuata tabaka hilo kwa kilometa nyingine kadhaa. Halafu husukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na dawa za kemikali kwa shinikizo kubwa hadi mwamba upasuke nyufa ndogondogo. Mchanga hubaki ndani ya nyufa na kuzizuia zisifunge, gesi ikapata pa kupitia. Kupasua mwamba si jambo jipya: jaribio la kwanza lilifanyika Kansas mwaka 1947. Kilichobadilisha dunia ni kazi ya kampuni ya George Mitchell huko Texas, ambayo kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imepata mchanganyiko wa maji wenye gharama ndogo. Mbinu hiyo ilipounganishwa na visima vya kulala, mwamba uliokuwa ukipitwa kama kikwazo ukageuka kuwa hazina.

Faida zake si za kubuni, na anayezikana hawezi kushinda mjadala huu kwa haki. Mwaka 2008 bei ya gesi katika soko kuu la Marekani ilikuwa wastani wa zaidi ya dola 8 kwa kipimo chao cha nishati. Mwaka 2012 ilikuwa chini ya dola 3. Taifa lililokuwa likijenga bandari za kuagiza gesi likageuza bandari hizohizo kuwa za kuuzia: meli ya kwanza kutoka Sabine Pass, Louisiana, iliondoka Februari 2016, na kufikia 2023 Marekani ilikuwa muuzaji mkubwa wa gesi iliyosindikwa kuliko nchi yoyote. Makaa ya mawe, yaliyokuwa yakizalisha karibu nusu ya umeme wao mwaka 2005, yalishuka hadi chini ya moja ya tano, na gesi ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya nafasi hiyo. Moshi wenye salfa na masizi ukapungua, na hewa ukaa kutoka mitambo ya umeme ikapungua pia. Kwa wenye ardhi faida ilikuwa ya mkononi. Katika jimbo la Pennsylvania sheria inamhakikishia mwenye haki ya kilicho chini ya shamba angalau asilimia 12.5 ya thamani ya gesi inayotolewa. Wapo wakulima wa maziwa waliokuwa wakielekea kufilisika wakalipa madeni yao yote kwa hundi za kampuni za gesi.

Hapo kwenye shamba ndipo mfano wa Marekani unapoanza kutuacha. Kwao, mwenye shamba anaweza kuwa mwenye gesi. Kwetu, Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 inaweka petroli yote, gesi ikiwemo, katika miliki ya umma chini ya usimamizi wa Serikali. Sidhani huo ni utaratibu mbaya. Umetuepusha na mengi. Lakini maana yake ni kwamba mkulima wa mahindi na mbaazi wa Sigino asingepata asilimia 12.5 wala moja. Angepata fidia ya eneo lililochukuliwa na mazao yaliyong'olewa, mara moja, kisha angeendelea kuishi jirani na mitambo, malori na mabwawa ya majitaka kwa miaka. Na si miaka michache, kwa sababu kisima cha aina hii huchoka upesi: mara nyingi hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake ndani ya mwaka wa kwanza. Ili uzalishaji usishuke, inabidi kuchoronga kingine, na kingine. Ndiyo maana Pennsylvania peke yake imechimba zaidi ya visima 10,000 katika mwamba wake mmoja mkubwa. Uchimbaji wa namna hii unakula ardhi kidogokidogo bila kukoma, na hauwezi kufichwa kisiwani kama Songo Songo.

Poland nayo ina la kusema. Mwaka 2011 taasisi ya takwimu za nishati ya Marekani ilikadiria kwamba nchi hiyo ina futi za ujazo trilioni 187 za gesi ya aina hii zinazoweza kutolewa, na wanasiasa wa Warsaw wakaanza kuzungumzia uhuru kutoka kwa gesi ya Urusi. Mwaka uliofuata wanajiolojia wa Poland wenyewe walirudia hesabu wakapata takribani moja ya kumi. Vikachimbwa visima vipatavyo 70; ExxonMobil ikaondoka mapema, Chevron ikafuata mwaka 2015, na gesi ya biashara haikutoka. Argentina, kwa upande wake, imefaulu katika eneo la Vaca Muerta, kwa hiyo si kweli kwamba mbinu hii inaota Marekani tu. Lakini waliofaulu walikuwa tayari na mabomba, mitambo ya kuchoronga kwa mamia, mchanga, reli, mikopo na visima vya zamani vya mafuta vilivyowaeleza chini kuna nini. Tanzania ingekuwa inaanza na mwamba usiojulikana na barabara moja ya lami.

Na ingekuwa inaanza kutafuta kitu ambacho tayari inacho. Songo Songo iligunduliwa na kampuni ya Agip mwaka 1974, Mnazi Bay mwaka 1982, na kuanzia 2010 vikafuata visima vya bahari kuu vilivyofikisha jumla ya gesi iliyogunduliwa futi za ujazo trilioni 57.54, sehemu kubwa ikiwa chini ya bahari mbele ya Lindi na Mtwara. Gesi hiyo iko katika miamba ya mchanga inayopitisha, na haikuhitaji kupasuliwa ndipo ipatikane. Songo Songo ilianza kuzalisha umeme mwaka 2004, miaka 30 baada ya kugunduliwa. Bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lenye kilometa 542 lilizinduliwa mwaka 2015. Mradi wa kusindika gesi ya bahari kuu huko Likong'o, Lindi, unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 42, ulitiwa saini ya makubaliano ya awali Juni 2022, kisha mazungumzo yakawa ya kupanda na kushuka. Kaya zilizounganishwa na bomba la gesi asilia ziko Dar es Salaam, Pwani, Lindi na Mtwara, nazo ni chache mno ukilinganisha na idadi ya majiko ya nchi hii. Ukiyaweka haya yote pamoja utaona kwamba kinachokwamisha ni kusafirisha, kupata soko na kukamilisha mikataba. Kumpasulia mwamba mtu ambaye gesi aliyokwisha kuipata imemlalia baharini ni kumtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa nini basi Sigino ijisumbue na jambo hili? Kwa sababu utafutaji umeshafika jirani. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, limekuwa likitafiti mafuta katika bonde la Eyasi Wembere kwa mitetemo na kwa visima vifupi vya kuchunguza tabaka. Bonde hilo linagusa wilaya ya Mbulu, ndani ya mkoa wetu huuhuu. Huko Balangida, chini ya Mlima Hanang, kampuni ya Helium One imewahi kushika leseni za kutafuta heliamu. Bomba la mafuta ghafi ya Uganda kuelekea Chongoleani, Tanga, linakatisha mkoa wa Manyara upande wa kusini. Hakuna hata mmoja katika miradi hii unaohusu kupasua miamba, na ningekuwa natia watu hofu bure kama ningesema vinginevyo. Miamba iliyo chini ya mji wa Babati kwa sehemu kubwa ni ile migumu ya kale iliyopikwa na joto la dunia, pamoja na mabaki ya volkano kama Kwaraa, na hiyo haihifadhi gesi ya kupasuliwa. Lakini masharti ya leseni huandikwa kabla kisima hakijachimbwa, na mwenye leseni aliyekuta mwamba mgumu usiopitisha atakuja siku moja kuomba ruhusa ya kuupasua. Ni heri jibu liwe limefikiriwa mapema.

Tuanze na kiasi cha maji. Idara ya utafiti wa jiolojia ya Marekani inasema kisima kimoja kinaweza kutumia galoni milioni 1.5 hadi 16, yaani kati ya lita milioni 6 na milioni 60 hivi. Tuchukue lita milioni 20, ambazo si nyingi kwa kisima cha kisasa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku kutoka kituo kilicho ndani ya mita 400. Kwa kipimo hicho, maji ya kupasua kisima kimoja yangewatosha watu wapatao 2,190 kwa mwaka mzima. Yakiletwa kwa maboza ya lita 10,000 ni safari 2,000, na hapo ni kisima kimoja katika uwanja unaohitaji makumi ili ulipe. Mtetezi wa teknolojia atajibu kwamba siku hizi maji husafishwa na kurudishwa kazini, na ni kweli: katika nyanda kavu za Texas magharibi kampuni nyingi zinatumia tena maji yaliyotoka visimani. Ila hilo linawezekana pale visima vilipo vingi na karibukaribu, cha jana kikilisha cha leo. Kisima cha kwanza na cha kumi katika nchi mpya hunywa maji ya watu.

Hata hivyo, wingi wa maji yanayoingia si tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo kubwa ni yale yanayotoka. Baada ya mwamba kupasuliwa, sehemu ya maji hurudi juu, na kwa maisha yote ya kisima huendelea kutoka maji ya kale yaliyokuwa ndani ya mwamba. Yale ya Pennsylvania yana chumvi mara kadhaa kuliko bahari, yamebeba bariamu, strontiamu na radiamu inayotoa mionzi. Ni lazima yapelekwe mahali. Marekani huyapeleka hasa katika visima vya kina kirefu vya kuyazika. Hapo awali baadhi yalipitishwa katika mitambo ya kusafisha maji na kumwagwa mitoni, yakaenda zake baharini, hadi watu walipolalamika kwamba mitambo ile haikuundwa kwa maji ya namna hiyo. Bahari, kwa ukubwa wake, husamehe mengi. Sasa angalia ramani ya maji ya Babati. Tumo katika Bonde la Kati, lile linalosimamiwa na bodi yenye makao yake Singida, na tabia ya bonde hili ni kwamba mito yake haifiki baharini. Maji ya upande huu hushuka kuelekea Tarangire na Burunge. Mengine huishia katika maziwa ya Manyara, Eyasi au Balangida. Huko hayatoki. Jua huyanyonya, chumvi hubaki, na ndiyo maana maziwa hayo yana magadi na kingo nyeupe wakati wa kiangazi.

Katika bonde lenye mlango, uchafu uliovuja huchukuliwa na mto, hupunguzwa makali na masika mawili matatu, na baada ya muda mtu anaweza kutarajia nafuu. Katika bonde lisilo na mlango kila kinachoingia hubaki na kuongezeka. Chumvi iliyomwagika kwenye korongo la Sigino haina safari ndefu. Itaishia katika udongo wa mashamba ya chini, katika visima vifupi, au katika ziwa ambalo wanyama wa Tarangire na mifugo ya wafugaji hulitegemea. Hoja hii sijaiona ikipewa uzito unaostahili, pengine kwa sababu ushahidi mwingi wa dunia umekusanywa mahali ambapo mito inafika baharini. Tathmini ya athari kwa mazingira, inayotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ikinakiliwa kutoka kwenye miradi ya kwingineko itakuwa imekosa swali la kwanza kabisa la kuuliza hapa: maji haya yakishatumika, yanakwenda wapi?

Mpinzani makini ataleta jibu zito zaidi. Atasema kwamba nyufa zinapasuliwa kilometa mbili chini ya maji ya kunywa, kwamba kati yake kuna tabaka nyingi za mwamba, na kwamba visima vingi mno vimepasuliwa bila jirani yeyote kudhurika. Nakubaliana naye kwa sehemu. Ripoti ya wakala wa mazingira wa Marekani ya Desemba 2016 haikusema kwamba kila kisima kinachafua maji. Ilisema kwamba shughuli hizi zinaweza kuathiri vyanzo vya maji ya kunywa katika mazingira fulani, na ikayataja: kemikali kumwagika juu ya ardhi, mabomba na saruji ya kisima kuwa dhaifu, majitaka kutupwa ovyo, na maji kuchotwa kwa wingi wakati wa ukame. Hatari kubwa basi iko juu ya ardhi na katika mita mia chache za kwanza, pale bomba linapopita katikati ya maji ya kunywa. Saruji ikiwa mbaya, methani hupanda pembeni mwa bomba na kuingia kisimani kwa jirani. Katika mji mdogo wa Dimock, Pennsylvania, mamlaka za jimbo zilikuta mwaka 2009 kwamba gesi imeingia katika visima vya wakazi, na shauri la jinai dhidi ya kampuni iliyorithi madai hayo lilimalizika mwaka 2022 tu. Miaka 13, katika nchi yenye maabara kila kona na wanasheria wasiolala.

Iweke Dimock hiyo Babati. Ukanda wetu wa Bonde la Ufa una floridi nyingi katika maji ya ardhini kwa asili yake. Meno ya kahawia ya watu wa Arusha, Manyara na Singida ni ushahidi unaotembea. Kwa miaka mingi Tanzania ililazimika kuruhusu miligramu 4 za floridi katika lita moja, huku Shirika la Afya Duniani likipendekeza 1.5, kwa kuwa ukali wa kiwango hicho ungefunga visima vingi mno. Kiwango chetu kimeshushwa hadi 1.5 miaka ya karibuni tu. Kituo cha Ngurdoto, huko Arumeru, kimekuwa kikichuja floridi kwa mkaa wa mifupa. Maana ya haya kwa mjadala wa gesi ni moja na ni nzito. Mahali ambapo maji yalikuwa na kasoro tangu mwanzo, mlalamikaji yuko katika hali mbaya kuliko popote, kwa kuwa kampuni itasema, tena bila kusema uongo, kwamba maji haya hayakuwa mazuri kabla hatujaja. Atakayeshinda ni yule mwenye karatasi ya vipimo vya zamani. Kama karatasi haipo, hakuna kesi, hata ng'ombe wakifa.

Kuhusu matetemeko nitasema kwa ufupi, kwa sababu ndiyo sehemu inayotiwa chumvi zaidi. Kupasua mwamba kwenyewe kwa kawaida husababisha mitikisiko midogo isiyosikika, ingawa si kila mara: karibu na Blackpool, Uingereza, tetemeko la ukubwa wa 2.9 lilitokea Agosti 2019 na miezi mitatu haikuisha kabla serikali haijasimamisha shughuli hizo. Makubwa zaidi hutokana na kuzika majitaka. Jimbo la Oklahoma, lililokuwa likipata matetemeko mawili hivi kwa mwaka yenye ukubwa wa 3 au zaidi, lilipata takribani 900 mwaka 2015, na Septemba 2016 likapata la 5.8. Walipopunguza kusukuma majitaka ardhini, matetemeko yakapungua. Huko kulikuwa na ardhi tulivu. Kwetu ufa uko hai: karibu na Ziwa Natron ardhi ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9 Julai 2007, na chini ya Ziwa Manyara watafiti wamerekodi matetemeko yanayoanzia kina cha zaidi ya kilometa 20. Sisemi kwamba kisima kingeamsha volkano. Nasema kwamba njia kuu ya Wamarekani ya kuondoa majitaka, yaani kuyazika, ndiyo isiyofaa kabisa katika ardhi yenye nyufa zilizokwisha kukaza. Ukiunganisha na bonde lisilo na mlango, unabaki huna pa kuyamwaga juu wala pa kuyazika chini.

Linabaki suala la pesa na ajira, ambalo kwa vijana wengi ndilo suala lenyewe. Uchimbaji wa aina hii huleta kazi, lakini huzileta kwa mkupuo: madereva, walinzi, wapishi na mafundi hutakiwa wakati wa kuchoronga, kisha kisima hubaki na mlinzi mmoja na mita. Bei nayo haipangwi hapa. Babati inalijua somo hili kupitia mbaazi. India ilipobana uagizaji mwaka 2017, zao lililokuwa likijenga nyumba na kusomesha watoto likashuka bei hadi wengine wakaliacha shambani, na hakuna mkulima aliyekuwa ametenda kosa. Gesi ya Marekani ilipitia hayohayo; bei nafuu iliyowafurahisha wateja ndiyo iliyowafilisi wachimbaji wengi mwaka 2020. Tofauti ni kwamba shamba la mbaazi mwaka unaofuata hupandwa alizeti. Na kuhusu mgawanyo wa mapato, tuna kumbukumbu ya Mtwara, Januari na Mei 2013, wakati wananchi walipoingia barabarani wakitaka kujua gesi inayopita mlangoni mwao kuelekea Dar es Salaam itawaachia nini, na watu wakapoteza maisha. Gesi ile ilikuwa rahisi kutoa na yenye faida nzuri. Gesi ya kupasua ina faida nyembamba zaidi, hivyo cha kugawana kingekuwa kidogo zaidi.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo nalipenda kwa sababu lina heshima ndani yake: kwamba nchi tajiri zimetajirika kwa kuchimba kila kitu, na sasa zinatufundisha usafi. Afrika Kusini wamelumbana kwa zaidi ya miaka kumi juu ya kupasua miamba katika nyanda za Karoo, na si wote waliopinga walikuwa wageni. Wakulima wa kondoo wa eneo lile kavu waliogopa kwa ajili ya maji yao, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikabatilisha kanuni ambazo waziri alizitunga bila mamlaka. Huko In Salah, katikati ya jangwa la Algeria, taifa linaloishi kwa gesi, wananchi waliandamana mwaka 2015 kwa sababu hiyohiyo ya maji. Hawa hawakutumwa na Ulaya. Ama kuhusu tabianchi, sioni haki ya kumnyima Mtanzania gesi wakati sehemu yake katika uchafuzi wa dunia ni ndogo kiasi hiki. Lakini methani ikivuja hunasa joto zaidi ya mara 80 ya hewa ukaa katika miaka 20 ya mwanzo, kwa hiyo uwanja wa visima vingi vinavyovuja kidogokidogo huila ile faida ya kuwa safi kuliko makaa ya mawe.

Turudi kwenye moshi, kwa kuwa huo ndio mzigo halisi, na kuni na mkaa bado ndivyo vinavyopika katika kaya nyingi za nchi hii. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Miteremko ya Kwaraa na misitu ya miombo iliyobaki haiwezi kusubiri teknolojia ya miaka 20 ijayo. Lakini kwa Sigino njia fupi haipiti kwenye mwamba. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024, na jiko la presha la umeme hupika maharage ya kaya kwa chini ya uniti moja. Kinachokosekana ni bei ya jiko hilo kwa mtu mwenye kipato cha msimu, transfoma zisizokatika jioni, na mtungi mdogo unaoweza kujazwa kwa pesa kidogokidogo. Vyote hivyo vinagharimu kiasi ambacho kisima kimoja cha majaribio kingekimeza bila kutoa moto hata wa chai.

Sipendekezi marufuku ya milele. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2011 na jimbo la New York likafuata, kila mmoja kwa sababu zake. Nchi inayoanza kuujua mwamba wake haina haja ya kujifunga kwa karne. Ninachopendekeza ni kwamba leseni yoyote ya utafutaji ndani ya Bonde la Kati isiruhusu kupasua miamba hadi mwombaji aonyeshe kwa maandishi majitaka yatakwenda wapi, na awe ameweka dhamana ya fedha ya kutosha kuwapelekea wananchi maji ya bomba endapo visima vyao vitaharibika. Wakati huohuo kuna kazi isiyohitaji kusubiri mwekezaji. Mamlaka ya maji ya Babati, wakala wa maji vijijini (RUWASA) na Bodi ya Maji Bonde la Kati zipime kila kisima na kila chemchemi inayonywewa Sigino na kata jirani: floridi, chumvi, methani, bariamu na kina cha maji, mara mbili kwa mwaka, kiangazi na masika. Matokeo yabandikwe katika ofisi ya kata na nakala ihifadhiwe Singida. Vipimo hivyo vina kazi hata kama gesi haitatafutwa kamwe, kwa sababu mzazi atajua kisima kipi kinaharibu meno ya mwanawe. Na siku magari ya utafiti wa mitetemo yatakapopita hapa yakitokea Mbulu, mwenyekiti wa kijiji atakuwa na karatasi ya kuweka mezani kabla ya wao kufungua mkoba wao.